Wa kwanza tulimpata. Wa pili yuko wapi?

Akina mama, dada zangu, na akina baba wachache mliojipenyeza viti vya nyuma mkidhani hatuwaoni: hamjambo. Wazee wa mtaa, asanteni kwa kutufungulia ukumbi. Naambiwa chai itachelewa, kwa hiyo nimeongezewa muda, nami nitautumia wote.

Nimeombwa nizungumze juu ya marehemu Mama Grace Onyango. Kadi ya mwaliko imemsifu vizuri. Mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa meya nchini Kenya. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuwa mbunge. Mwanamke wa kwanza kukikalia kiti cha Spika, akiwa naibu wa muda. Yote hayo ni kweli na sina la kupunguza. Ila kuna jambo kadi imeliruka, nalo ndilo lililonitoa nyumbani asubuhi hii. Mama Grace alitoka bungeni mwaka 1983. Maeneobunge mawili yanayoubeba mji wetu leo ni Kisumu Central na Kisumu East, na hakuna hata moja kati yake lililowahi kumchagua mwanamke kuwa mbunge wake. Wenzetu wa Kisumu West walimchagua Rosa Buyu mwaka 2022, na hongera zao. Sisi wa hapa katikati, tuliotangulia nchi nzima, bado tunajisifia mwaka 1969 tulipomchagua yeye.

Kwa hiyo nitamsimulia Mama Grace, lakini mnisamehe nikiwasimulia na nyinyi humo humo.

Alizaliwa Juni 1924 huko Sakwa, upande wa Bondo, mahali alipotoka pia Jaramogi Oginga Odinga. Alisomea ualimu akawa mwalimu. Aliolewa, akalea watoto, akahamia Kisumu. Watu wa hapa walimzoea kwa jina la Nya'Bungu. Mpaka hapo maisha yake hayana tofauti kubwa na ya walimu wengine wa kike wa Nyanza wa miaka hiyo: mission, chaki, jiko, kanisa, watoto wa ndugu waliojaa nyumbani wakitafuta shule. Wengi wenu mna bibi au shangazi wa namna hiyo. Tofauti ilianza alipoingia baraza la mji kuwa diwani.

Nataka tukae hapo kwenye udiwani, kwa sababu watu huupita mbio. Wanaharakisha kufika bungeni, kana kwamba yale ya nyuma yalikuwa ngazi tu.

Fikirini Kisumu ya wakati ule. Hesabu ya watu ya 1969 ilikuta hapa watu 32,000 na ushee. Ni mji mdogo huo. Leo mtaa mmoja tu wa pembeni unaweza kuubeba. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli, aliyepigilia msumari wa mwisho. Mji ukapangwa kama walivyopanga wakoloni miji yao yote: Wazungu juu Milimani kwenye upepo, Wahindi katikati kwenye maduka, Waafrika pembeni huko Kaloleni na Shauri Moyo, na wengine nje kabisa ya mpaka. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mipaka ile haikufutika usiku mmoja. Mifereji ya maji ilikuwa imeshachimbwa kuelekea ilikoelekea. Taa za barabarani nazo zilikuwa zimeshachagua wa kumwangazia.

Baraza la manispaa ndilo lililorithi mambo hayo. Vijana hapa mmezaliwa wakati wa kaunti au karibu na hapo, na huenda hamjui baraza lilikuwa na nguvu gani. Manispaa kubwa kama Kisumu ilishika maji, masoko, nyumba za kupanga, zahanati, takataka, leseni za biashara, na hata shule za msingi. Serikali ilipoyanyang'anya mabaraza ya kaunti kazi ya elimu, afya na barabara kwa sheria ya 1969, manispaa ziliachiwa zake. Mtoto wa hapa aliyesoma shule ya msingi alisomeshwa na baraza la mji. Dawati alilokalia lilikuwa limepita kwanza katika kikao cha madiwani.

Sasa mwekeni mwalimu mwanamke katika kikao hicho. Anajua dawati lililovunjika linafananaje. Anajua mtoto anayelala darasani kwa sababu usiku mzima alipanga foleni ya maji.

Mwaka 1965 meya aliyekuwapo, Mathias Ondiek, alifariki. Meya siku hizo hakupigiwa kura na wananchi. Madiwani walikaa, wakachaguana. Na madiwani wale, karibu wote wanaume, walimchagua Grace Onyango. Nchi ilikuwa na miaka miwili ya uhuru. Nairobi yenyewe ilisubiri hadi 1970 kumpata meya mwanamke, Margaret Kenyatta. Nalisema hili kwa sababu kila mwaka mtu mmoja husimama kwenye mkutano akamtaja Margaret kuwa ndiye aliyeanza. Margaret alifanya kazi nzuri, lakini Kisumu ilitangulia kwa miaka mitano. Ukitaka kugombana na mtu wa Nairobi, hapo una haki.

Kwa nini Kisumu? Mimi nina maoni yangu, na mko huru kuyakataa.

Kila mwanamke aliyewahi kutaka uongozi huku kwetu ameulizwa swali lile lile. Wewe ni wa wapi? Ukigombea ulikozaliwa, wanakuambia umeolewa, nenda kwa mumeo. Ukigombea kwa mumeo, wanakuambia wewe ni nyar kwingine, binti wa kwingine, wa kuja, rudi kwenu. Mwanamume ana kwao kumoja tu, na hakuna anayemuuliza. Mwanamke amekatwa vipande viwili na hakuna upande unaomkubali mzima. Mmecheka. Naona kuna wengine hawakucheka, na hao najua wameulizwa juzi.

Mji unalipunguza makali swali hilo. Mjini kila mtu ni mhamiaji. Mluo wa Alego, Mluhya wa Maragoli, Mnubi wa Kibos, Mgujarati aliyezaliwa nyuma ya duka la baba yake, Mswahili wa Kaloleni: nani atamwambia mwenzake arudi kwao? Mama Grace hakulazimika kuthibitisha ni wa ukoo gani ili ashughulikie mfereji wa maji. Alilazimika kuthibitisha kwamba mfereji utatoka maji. Ndiyo maana siamini kuwa ni bahati tu kwamba mbunge mwanamke wa kwanza wa kuchaguliwa alitoka kiti cha mji.

Na hapa nageukia dada zetu wa Kolwa na Kajulu, ambako mji umeingia shambani na swali la kwenu ni wapi limefuatana nao. Najua kwenu ni vigumu zaidi kuliko Milimani. Sitawadanganya.

Twende sasa 1969. Mwaka huo sipendi kuusimulia, lakini bila huo Mama Grace anabaki picha ukutani.

Julai 5, Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi, Jumamosi mchana, akitoka duka la dawa. Nyanza ililia. Jaramogi alikuwa ameshajiuzulu umakamu wa rais tangu 1966 na alikuwa anaongoza chama cha upinzani, KPU. Chama hicho kilikuwa kimeshabanwa. Katika uchaguzi wa mabaraza wa 1968 wagombea wake wapatao 1,800 walikataliwa karatasi zao nchi nzima. Ni madiwani hao. Wakubwa walijua kwamba nguvu ya chama inaanzia kwa diwani, ndiyo maana walimzuia huko chini. Msipowasikiliza wanawake wenzenu, basi msikilizeni adui: yeye anajua kiti kipi kina uzito.

Oktoba 25, Rais Kenyatta alikuja hapa Kisumu kufungua hospitali. Ile hospitali ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na mpaka leo mzee akiugua, watu wa hapa wanasema amepelekwa Russia, hata kama kibao cha nje kimeandikwa jina la Jaramogi. Umati ulikuwa mkubwa na ulikuwa na hasira. Kukawa na kelele. Rais na Jaramogi wakajibizana hadharani, maneno mazito, mbele ya watoto wa shule waliopangwa kuimba. Msafara ulipokuwa unaondoka, walinzi walifyatua risasi katikati ya watu. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wenyeji wamekuwa wakisema siku zote kwamba ni zaidi ya hao, na humu ukumbini kuna familia ambazo hazihitaji mtu wa kuzihesabia. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku, Jaramogi na wenzake wakawekwa kizuizini.

Na uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba 6. Wiki sita.

Wiki sita baada ya damu ile, katika mji ule ule uliofiwa, mwalimu wa miaka 45 aliyekuwa ameuongoza mji huo aliomba kura ya ubunge wa Kisumu Town, akapata.

Sitamfanya malaika. Uchaguzi ule ulikuwa wa chama kimoja, KANU peke yake, kwa kuwa chama cha pili kilikuwa kimeuawa. Aliyeshinda mchujo wa KANU ndiye aliyekuwa mbunge. Wako waliosema wakati ule kwamba kugombea ni kukubali. Mtu mwenye jeraha ana haki ya kusema hivyo. Lakini nami nina haki ya kuuliza: mji ungebaki bila mtu? Nani angesimamia shule, nani angeuliza maji, nani angekwenda Nairobi kubisha mlango kwa niaba ya watu ambao serikali ilikuwa imewakasirikia? Kenyatta hakurudi tena Kisumu mpaka alipofariki 1978. Mtu wa hapa aliyekuwa na kiti Nairobi miaka hiyo alikuwa anaubebea mzigo mji ulionuniwa.

Alipofika bungeni, alikuwa mwanamke pekee aliyechaguliwa. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 158. Wanaume 157 na Mama Grace.

Tukae kidogo na hesabu hiyo. Miaka sita ya mwanzo ya uhuru, toka 1963, Bunge la Kenya lilikuwa halina mwanamke hata mmoja. Na hawakukaa bure. Kulikuwa na sheria ya 1959 iliyompa mama asiyeolewa haki ya kumpeleka baba wa mtoto mahakamani ili atoe pesa za matunzo. Wanaume hawakuipenda. Walisema inawaharibu wasichana, wengine wakadai wasichana wanaitumia kutajirika. Mwaka 1969, miezi michache tu kabla Mama Grace hajaingia, Bunge la wanaume watupu liliifuta. Hapakuwa na mama wa kusimama kusema, hebu ngojeni, huyo mtoto atakula nini?

Mkiambiwa kwamba mwanamke bungeni ni pambo, wakumbusheni sheria hiyo. Na mkiambiwa kwamba mwanamke mmoja anatosha, sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1976 uliletwa mswada wa ndoa, wa kuweka sheria zote za ndoa pamoja na kumlinda mke. Wakaukataa. Mwaka 1979 ukarudi, wakaukataa tena, na kuna mheshimiwa aliyesimama akasema kumchapa mke ni mila ya Kiafrika na sheria isiingilie. Kumbukumbu za Bunge zipo. Sheria ya ndoa tuliipata 2014. Mama Grace alikuwapo bungeni mara zote mbili uliposhindwa, na safari hizo hakuwa peke yake: uchaguzi wa 1974 uliwaleta Julia Ojiambo, Chelagat Mutai na Nyiva Mwendwa. Wanne kati ya 158. Hata mkiwa wanne, mkono ukihesabiwa, umehesabiwa.

Ndiyo maana mimi hunikera tunapomshangilia wa kwanza tukaishia hapo. Unampandisha mtu jukwaani, unampigia vigelegele, halafu unamwacha huko peke yake na wanaume 157 mnakwenda nyumbani kupika. Kisha baada ya miaka mnauliza, kwani alibadilisha nini?

Kuna jambo dogo la lugha nataka mlijue. Mama Grace alipoingia, Bunge liliendeshwa kwa Kiingereza peke yake. Kiswahili kilifunguliwa mlango mwaka 1974. Kwa hiyo miaka yake ya kwanza alikuwa anayabeba ya mama muuza samaki, aliyoambiwa kwa Kijaluo au Kiswahili, akayasemee mle ndani kwa Kiingereza cha kanuni za kudumu, mheshimiwa huyu na mheshimiwa yule. Ualimu ulimsaidia. Siku hizi bunge la kaunti linasikia Kiswahili vizuri kabisa, na kuna wawakilishi wadi wanaume wasiojua kanuni ya kwanza hadi ya pili na wanalala usingizi kwenye viti vyao bila wasiwasi. Usiache kuchukua fomu kwa sababu ya Kiingereza.

Alikaa bungeni hadi 1983. Alikuwa pia mwanamke wa kwanza kuwa katibu mkuu wa Luo Union ya Afrika Mashariki, na mnajua wazee wa chama hicho hawakuwa watu wa kumkabidhi mwanamke daftari kirahisi. Aliposhindwa uchaguzi alirudi kuwa mwananchi. Alizeeka hapa hapa. Alifariki Machi 8, 2023, Siku ya Wanawake Duniani, akiwa na miaka 98. Viongozi walituma salamu ndefu za rambirambi. Nilizisoma nyingi kati ya hizo na nikawa nahesabu kimoyomoyo kati ya walioziandika ni wangapi waliowahi kumuunga mkono mwanamke katika mchujo.

Sasa nyinyi.

Naambiwa humu ndani kuna wanaotaka kiti 2027. Nimeuliza viti gani. Wengi wamenijibu, mama kaunti, yaani mwakilishi wa wanawake. Wengine wamesema watasubiri viti maalum vya uteuzi, chama kitakapogawa. Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tunapokosana.

Kiti cha mwakilishi wa wanawake ni kimoja kwa kaunti nzima. Kimoja. Nyinyi mko wangapi? Tena kimetuletea balaa ambalo waliokiandika katika Katiba ya 2010 hawakulikusudia. Mwanamke akisimama kugombea wadi au eneobunge, wanamwambia: mmepewa chenu, msituingilie chetu. Nani aliwaambia vingine ni vyao? Na hivyo viti vya uteuzi kwenye bunge la kaunti vimewekwa ili jinsia moja isizidi theluthi mbili. Ni vyema vikiwepo. Lakini aliyekuteua ndiye mwenye kukuondoa, na huna barabara ya kuonyesha wala soko la kuelekeza, kwa sababu huna wadi. Miaka mitano ikiisha, unaanza sifuri.

Kenya ina wadi 1,450. Mwaka 2017 wanawake waliochaguliwa kwenye wadi hizo walikuwa 96. Bungeni mwaka huo walichaguliwa 23 kwenye maeneobunge, na miaka minne kabla yake 16. Tunasonga kwa mwendo wa kobe. Jaji Mkuu Maraga alifika mahali pa kumshauri Rais, Septemba 2020, kwamba Bunge livunjwe kwa kushindwa kutunga sheria ya theluthi mbili. Halikuvunjwa, na sheria haijaja. Mkisubiri sheria, mtasubiri na wajukuu zenu.

Wadi ndiyo udiwani wa Mama Grace. Kisumu nzima ina wadi 35. Hizo ndizo zinazopitisha bajeti ya kaunti, na bajeti ya kaunti ndiyo soko lenu.

Nendeni Kibuye Jumapili mvua ikinyesha. Mama wa omena amefunika mzigo kwa karatasi ya nailoni, yeye mwenyewe analowa. Gorogoro yake, kopo la kupimia, imejaa maji. Mtu wa ushuru amepita asubuhi na mashine yake mkononi, akatoa risiti, pesa imekwenda. Kuanzia saa nane choo hakiingiliki. Jioni wanafungasha mapema, biashara ikiwa bado iko, kwa kuwa mulika mwizi, taa ile ndefu ya upande ule, haiwaki na wezi wanajua haiwaki. Mama yule analipa ushuru kila siku ya soko. Muulizeni mwakilishi wadi wake anaitwa nani. Wengine watawatajia jina la Rais. Pesa yake inapangwa katika chumba kilicho mwendo wa boda boda ya shilingi chache kutoka pale alipokaa, na katika chumba hicho hakuna aliyewahi kuuza omena.

Hiyo si kazi ndogo, jamani. Mwaka 1965 mtu angemwambia Mama Grace kwamba kushughulikia taa na vyoo ni kazi ya chini, asubiri kazi kubwa ya nchi, leo tusingekuwa na la kumsimulia. Mwaka 1969 wapiga kura wa Kisumu hawakumchagua mwanamke wa kuota. Walimchagua mtu waliyekwisha kumuona kazini, ambaye walimjua akisema hapana anamaanisha nini na akisema ndiyo inachukua muda gani. Alipoomba kura hakuwa na haja ya kueleza mwanamke anaweza nini.

Kuhusu pesa, maana naona kuna mkono umeinuka na najua ndio swali. Ada ya tume ya uchaguzi kwa kiti cha wadi mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na kwa mwanamke nusu yake. Shilingi 2,500. Kuna vyama vya akina mama humu vinavyoweka zaidi ya hizo kwa wiki moja. Ada ya chama ni jambo jingine, ulizeni mapema na mdai risiti. Anayeogopa mchujo kwa sababu anajua utaamuliwa hotelini saa sita za usiku, anaweza kusimama kama mgombea huru, na sheria inamtaka alete wapiga kura 500 wa wadi yake wanaomuunga mkono. Mia tano. Kwaya ya kanisa, chama cha kuzungushiana, wazazi wa darasa moja, majirani wa ploti: wenye kujuana na watu wanawapata. Gharama kubwa haiko kwenye fomu. Iko kwenye vijana wanaodai kitu kidogo kila kona, na kwenye matusi. Watasema umeachika, watasema mume wako amekaliwa, watatengeneza picha wazitume kwenye WhatsApp. Siwezi kuwaahidi kuwa hayatakuja. Nawashauri mfanye lililo rahisi: msitembee peke yenu. Mgombea mmoja wa Nyalenda akitukanwa, akina mama wa Manyatta wajitokeze siku hiyo hiyo, kwa lesso zao, wakakae mstari wa mbele kwenye mkutano wake hata kama hawapigi kura huko.

Akina baba wa viti vya nyuma, na nyinyi nina neno lenu. Madiwani waliompigia kura Mama Grace mwaka 1965 walikuwa wanaume, na wake zao wengi hawakuwa wamewahi kuona mwanamke akiongoza kikao. Hawakuwa na katiba ya kuwalazimisha wala wafadhili wa kuwapa semina na bahasha ya nauli. Walikaa wakamtazama aliyekuwa anafanya kazi, wakamchagua. Baba zenu waliweza bila semina.

Chai naona imefika, na harufu ya mandazi imeshanishinda hoja. Kabla hatujainuka, nimeleta daftari. Nimeandika wadi za mji huu, kila moja na mstari wake: Kondele, Railways, Migosi, Shaurimoyo Kaloleni, Market Milimani, Nyalenda B. Upande wa pili Nyalenda A, Manyatta B, Kajulu, Kolwa East, Kolwa Central. Nitaliacha daftari kwenye meza ya chai, pamoja na kalamu. Mwenye nia aandike jina lake na namba ya simu mbele ya wadi yake. Mkiwa wawili kwa wadi moja, kaeni chini mapema mzungumze, msije mkakutana kwenye mchujo mkagawana kura kama maskini wa Mungu. Na anayesema kwao hakuna mwanamke wa kusimama, aandike jina la yule anayemfaa, tutamfuata nyumbani kwake.

Ahsanteni. Swali la kwanza namwachia yule dada mwenye kitambaa cha kijani, aliyekuwa anatikisa kichwa tangu nilipotaja mama kaunti.